Paka wa Usambara na Nyumba za Malezi

Kulea paka kwa muda ni kazi ya kujitolea. Mtu hupokea nyumbani kwake paka waliookotwa, mara nyingi watoto waliotupwa wakiwa hawajaacha kunyonya, akawalisha, akawatibu na kuwazoesha watu mpaka wapate mwenyewe wa kudumu. Kituo cha kuokoa paka, hata kikiwa na mabanda mazuri, hakiwezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Mtoto wa paka wa wiki moja hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, na bandani hakuna mtu wa kukesha naye. Kuwarundika watoto wengi mahali pamoja nako kuna hatari yake, maana mmoja akiugua mafua au kuhara, wote huambukizwa. Kwa hiyo uhai wa kituo chochote cha paka umo katika nyumba za watu waliokubali kupokea wawili au watatu kila mmoja.

Katika milima ya Usambara nchini Tanzania kazi hii ina uzito wa pekee. Kuanzia Soni kupanda hadi Lushoto mjini, na kuendelea Mlalo, Lukozi mpaka Mtae, familia hulima mahindi na maharage kwa chakula, na kabichi, karoti, viazi na matunda kwa ajili ya soko. Mahindi yakivunwa huingia ndani ya nyumba: mengine hupandishwa darini juu ya meko, ambako moshi huyakausha, mengine hukaa kwenye magunia chumbani. Mahindi yakiingia, panya naye huingia. Paka wa Lushoto, basi, hafugwi kwa ajili ya mapambo ya sebuleni. Analinda chakula cha mwaka mzima, na nyumba isiyo na paka hujua hasara yake gunia la chini linapofunguliwa likakutwa limetobolewa.

Panya wa milima hii wana historia nzito kuliko mahindi. Mwaka 1980 tauni ilizuka Lushoto, na kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata ilirudi tena na tena, hasa kati ya Desemba na Februari. Watu zaidi ya 7,000 waliugua na mamia walifariki. Bakteria wa ugonjwa huo, Yersinia pestis, huishi katika miili ya panya na huhamishwa na viroboto. Mgonjwa hushikwa na homa kali na kuota mtoki kinenani, kwapani au shingoni; akiwahi hospitali, antibiotiki za kawaida humponya, na akichelewa anaweza kufa ndani ya siku chache. Wazee wa vijiji vya huko bado wanakumbuka nyumba zilizonyunyiziwa dawa na mazishi yaliyofuatana.

Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, walifanya kazi kubwa Lushoto katika miaka hiyo, na walichokikuta kinamhusu moja kwa moja mtu anayetaka kumpokea paka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikusanya viroboto katika nyumba za vijiji 12 vya Usambara Magharibi. Takriban asilimia 72 ya viroboto hao walikuwa Pulex irritans, yaani kiroboto wa binadamu, na vijiji vilivyosumbuliwa sana na tauni ndivyo vilivyokuwa na kiroboto huyo kwa wingi. Kabla ya hapo, damu ya mbwa wa Lushoto ilikuwa imepimwa na kuonyesha kwamba mbwa waliwahi kukutana na bakteria wa tauni. Wanyama wa nyumbani wako ndani ya habari hii pamoja na watu. Nyumba moja, viroboto wale wale.

Kutokana na hayo, wataalamu wa tauni wanafuata utaratibu ambao kila mlezi wa paka wa Usambara anapaswa kuufahamu: viroboto kwanza, panya baadaye. Panya wakiuawa kwa wingi huku viroboto wakiwa hai, viroboto hao hukosa mwili wa kunyonya na kumrukia aliye karibu, awe mtoto aliyelala kwenye mkeka au paka aliyejikunja kando yake. Dawa ya viroboto ikitangulia, kazi ya mitego na ya paka huwa salama.

Je, paka anaweza kweli kuzuia panya? Jibu la haki ni kwamba anasaidia, lakini si kila kitu. Utafiti uliofanywa katika makazi ya wakulima nchini Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba panya walipunguza kutafuta chakula karibu na nyumba pale palipokuwa na paka na mbwa kwa pamoja. Paka peke yake, au mbwa peke yake, hawakuleta tofauti hiyo. Yaani woga wa panya hujengwa na walinzi wawili. Hivyo anayempeleka paka kwenye nyumba ya mkulima asiahidi miujiza. Magunia yanapaswa kuinuliwa kwenye vichanja mbali na ukuta, mashimo yazibwe, na makombo yasilale jikoni.

Kuna upande mwingine ambao watu wanaopenda paka hawapendi kuusikia, lakini lazima usemwe. Paka anayekula panya mgonjwa anaweza kuugua tauni yeye mwenyewe, na akamwambukiza mtu kwa kumng'ata, kumparua au kumkoholea usoni. Magharibi mwa Marekani, kati ya mwaka 1977 na 1998, watu 23 walipata tauni kutoka kwa paka na watano kati yao walifariki. Paka mgonjwa huwa na homa, huacha kula, na mara nyingi huvimba tezi chini ya taya. Kwa mlezi wa Lushoto dalili hiyo, hasa ikija wakati panya wanaonekana kufa ovyo ndani ya nyumba, si ya kutibiwa kwa kubahatisha. Paka hatengwi kwa kubebwa begani; hufungiwa alipo, watoto wakaondolewa, na habari hupelekwa siku hiyo hiyo kwenye zahanati na kwa afisa mifugo wa kata. Hatari hii ni ndogo kwa mwaka wa kawaida, na haitoshi kuwa sababu ya kuwatupa paka. Inatosha kuwa sababu ya kuwatunza vizuri.

Afrika Mashariki ina vituo ambavyo vimekwisha kuionyesha njia. Chama cha Kenya cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, chenye makao yake Karen mjini Nairobi, kina asili yake mwaka 1910 na hupokea mbwa, paka na punda. Lamu ina zahanati ya wanyama inayohudumia paka wa mji ule wa kale. Zanzibar kuna ZAASO, na Usa River karibu na Arusha kuna Mbwa wa Africa ambao, licha ya jina lao, huokoa na paka pia. Vyote hivi viko tambarare au mijini, karibu na madaktari na wafadhili. Milimani hali ni nyingine: barabara ya kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto ni ya kona na makorongo, zaidi ya kilomita 30, na kutoka hapo vijiji hutawanyika kwenye migongo ya milima. Kumbeba paka mgonjwa kwenye bodaboda kutoka Mtae mpaka kituo kilicho mbali ni kumwongezea mateso. Jambo linalofaa huko ni mtandao wa nyumba za malezi, kila kata na zake, zikiunganishwa na daktari mmoja wa mifugo na kikundi kidogo cha watu wanaoaminiana.

Kazi yenyewe huanza na baridi. Juni na Julai usiku wa Lushoto hukaribia nyuzi 10, na vijiji vya juu kama vile vya Shume hushuka zaidi. Mtoto wa paka aliyezaliwa ana uzito wa gramu 100 hivi na hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Mama yake ndiye blanketi lake. Akiokotwa kwenye kiroba kando ya soko asubuhi ya Julai, mwili wake huwa baridi mpaka mdomoni, na kosa la kwanza la mwenye huruma ni kumpa maziwa papo hapo. Tumbo lililopoa halimeng'enyi chakula, na mtoto asiye na nguvu ya kumeza hupaliwa. Kwanza hupashwa joto, polepole, kifuani pa mtu chini ya sweta au ndani ya boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, kwa saa moja au zaidi. Boksi liachiwe upande usio na chupa, ili akizidiwa na joto aweze kujisogeza. Jiko la mkaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake huua paka na mlezi pia.

Akishapata joto na kuanza kuhangaika kutafuta chuchu, ndipo hulishwa. Maziwa ya ng'ombe matupu huwaharisha watoto wengi wa paka, na kuhara kwa kiumbe cha gramu 150 ni hatari ya saa chache. Maziwa ya unga ya watoto wa paka hupatikana katika miji mikubwa na ni vizuri kikundi kikawa na akiba yake. Yakikosekana, maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa, yakachanganywa na kiini cha yai, huvusha siku za mwanzo. Hutolewa tone kwa tone kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mtoto hulishwa akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, wala si chali kama mtoto wa mtu. Baada ya kila mlo, kitambaa chenye unyevunyevu wa vuguvugu hupitishwa taratibu chini ya mkia mpaka akojoe na kujisaidia, kwa sababu wiki tatu za mwanzo hawezi bila kulambwa. Mizani ndogo ya jikoni ndiyo chombo muhimu kuliko vyote: mtoto mzima huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku, na anayesimama uzito kwa siku mbili ana tatizo hata kama bado analia kwa nguvu.

Wiki ya nne chakula laini huanza. Dagaa wasiotiwa chumvi, wakachemshwa na kupondwa, huchanganywa na maziwa yale yale na baadaye na ugali kidogo. Ugali peke yake haufai. Mwili wa paka hauwezi kutengeneza taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na paka anayekosa kwa muda mrefu huharibika macho na moyo. Katika wiki za mwanzo, kati ya ya pili na ya saba, paka hujifunza kumwamini binadamu. Anayeshikwa na watu mbalimbali kila siku katika kipindi hicho huwa mpole maisha yake yote; anayekua bila kuguswa, mara nyingi hubaki mwoga hata baadaye akipendwa vipi. Hapo ndipo watoto wa shule wanaporudi nyumbani mchana huwa wasaidizi bora kuliko mtaalamu yeyote, mradi wafundishwe kumbeba paka kwa kumshika kifua na makalio, na wanawe mikono.

Viroboto hushughulikiwa tangu siku ya kwanza. Mtoto wa paka mwenye viroboto wengi huishiwa damu. Ukimfunua mdomo, fizi zake ni nyeupe badala ya kuwa za waridi. Mdogo huyo hatiwi dawa. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali kuanzia shingoni, akachanwa kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, viroboto wakazamishwa kwenye maji ya sabuni, kisha akakaushwa haraka mpaka manyoya yote yawe makavu. Wakubwa hupewa dawa ya matone iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, kwa kipimo cha uzito. Lakini mayai na mabuu ya viroboto yako kwenye matandiko na sakafu kuliko kwenye manyoya, kwa hiyo matambara hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila wiki.

Hapa linahitajika onyo la wazi. Lushoto ni nchi ya mboga, na kila nyumba ina dawa za kuulia wadudu. Dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi na nyingi za kuogeshea mbwa na ng'ombe zina pamethrini au jamaa zake, ambazo mbwa huzistahimili lakini paka hutetemeka, hukakamaa na kufa. Vidonge vya parasetamoli, vinavyonunuliwa kila duka, ni sumu nyingine: ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu yake hushindwa kubeba hewa, na nusu kidonge hutosha kumuua. Watu huvitoa kwa nia njema kabisa, wakiona paka ana homa. Sumu ya panya nayo humfikia paka kupitia panya aliyeila, na mlezi hana budi kuzungumza na majirani kabla ya kumwachia paka wake nje.

Afya ya wenye nyumba ina masharti machache. Mjamzito asisafishe choo cha paka, kwa sababu ya vimelea vya toksoplazma ambavyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Na kwa kuwa vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi kuiva, choo kinachosafishwa kila siku hupunguza hatari kwa wote. Aliyeng'atwa huosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha huenda hospitali. Paka huchanjwa kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, na kampeni zinazofanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni nafasi ya kumpeleka.

Uokoaji wote huu huwa kazi bure kama uzazi hauzuiwi. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano hivi, huibeba kwa siku zipatazo 65, na anaweza kushika nyingine kabla watoto hawajaacha kunyonya. Huko Ulaya urefu wa mchana hupungua sana wakati wa baridi na majike hupumzika. Lushoto iko karibu nyuzi tano tu kusini mwa Ikweta, mchana hubadilika kidogo sana, na uzazi hauna msimu wa kupumzika. Kufunga uzazi wa majike na kuhasi madume ni upasuaji wa kweli unaohitaji dawa ya usingizi, na ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Anayehasi paka kwa wembe bila ganzi anatenda ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Gharama ndiyo kikwazo. Njia inayowezekana ni kumwalika daktari kutoka Tanga au Morogoro kwa siku mbili tatu na kukusanya paka wa kata nzima, nyumba za malezi zikiwapokea kabla na baada ya kisu. Paka aliyefanyiwa hukatwa ncha ya sikio moja akiwa bado usingizini, ili asikamatwe tena mwakani.

Wageni wanaokuja Lushoto kujitolea, na huja wengi, wanakaribishwa katika kazi hii, lakini mahali pao papangwe kwa makini. Mgeni wa wiki tatu akimlea mtoto wa paka chumbani kwake kisha akapanda basi, humwachia mwingine kiumbe kilichozoea nyama ya kopo na kitanda. Msaada wake mkubwa ni kulipia upasuaji, kufundisha, au kushika zamu ya usiku katika nyumba ya mwenyeji. Mlezi mwenyewe awe mtu ambaye mwakani bado yupo.

Kumkabidhi paka kwa mwenyewe hufanyika akiwa na wiki nane au zaidi, amepewa dawa ya minyoo, na tarehe za chanjo na upasuaji zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Jirani kumwomba jirani mtoto wa paka ni desturi ya siku zote. Kilichoongezeka ni maswali. Nani atamlisha mnapokwenda shamba la mbali? Kuna sumu ya panya ndani? Wapo wanaoamini kwamba paka asipewe chakula ndipo awinde. Si kweli, paka aliyeshiba bado huwinda, na mwenye njaa hutanga mpaka kwa jirani na kupigwa mawe. Waislamu wa milimani wanazo hadithi za Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa, na kuhusu paka kuwa si najisi kwa kuwa huzunguka miongoni mwa watu majumbani. Khatibu anayezikumbusha siku ya Ijumaa hufanya kazi ambayo kikundi cha wanaojitolea kingeihangaikia mwaka mzima.

Wanaobaki ni paka waliokwisha kuwa wakali, hasa mashume waliokulia kwenye majalala. Kuwaachia pembezoni mwa msitu wa Magamba au Shume, kama baadhi ya watu wanavyofanya wakidhani wanawapa uhuru, ni kosa kubwa. Misitu hiyo ina viumbe adimu: ndege mdogo Sheppardia montana, anayetafuta wadudu karibu na ardhi, hupatikana Usambara Magharibi pekee, na vinyonga wa pembe tatu wa milima hii hawana mbio za kumkwepa paka. Paka mkali huhasiwa, huchanjwa, na hupelekwa palipo na kazi: mashine ya kusaga, ghala la shule, stoo ya mbegu. Hufungiwa humo wiki mbili hadi tatu, akilishwa saa ile ile na mtu yule yule, akiwa na maji, boksi la kujifichia na choo cha majivu au mchanga. Mlango hufunguliwa jioni kabla ya mlo, naye hutoka, huzunguka na kurudi kula. Anayeachiwa siku ya kwanza hutafuta njia ya kurudi alikotoka, na wengi wao hugongwa barabarani.